Bia Nyeusi Nzito Haionjwi Ikiwa ya Baridi

Kaa kwenye baa yoyote ya Mwanza, iwe Kirumba, Igoma au Nyegezi, agiza bia, na mhudumu atakuuliza kwanza: ya baridi au ya moto? Vijana karibu wote wanataka ya baridi, chupa inayotoa jasho. Wazee wengi wanataka ya moto, iliyotoka moja kwa moja kwenye kreti bila kupitia friji. Mimi nauza bia, na kwa upande wa lager, zile bia za kawaida za rangi ya dhahabu, siwezi kuwapinga vijana, maana jua la saa nane mchana huku kwetu lina madai yake. Lakini kwa stauti, yaani bia nyeusi, na hasa stauti nzito ya imperiali, ile yenye kilevi kingi, wazee wako karibu zaidi na ukweli. Ulimi wangu ulilijua hilo kabla sijaelewa sababu yake, na nilipoielewa, namna yangu ya kuonja bia na kuipa maksi ilibadilika.

Kaka yangu ana kijana anayesoma Marekani. Akija likizo huniletea chupa mbili tatu za bia ambazo hapa kwetu hazipatikani, kwa sababu anajua napenda kuonja kuliko ninavyopenda kunywa. Safari moja alikuja na Old Rasputin, stauti ya imperiali ya kiwanda cha North Coast, kilichopo Fort Bragg, California. Chupa zenyewe ni ndogo, mililita 355, lakini kilevi ni asilimia 9. "Shangazi," akaniambia, "hizi usiziweke kaunta. Tuonje wenyewe, kwa utaratibu."

Nilipiga hesabu palepale, kwa kuwa hesabu za namna hii ndizo kazi yangu. Lager zetu nyingi zina kilevi kati ya asilimia 4.5 na 5.5. Chupa kubwa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Ile chupa ndogo ya asilimia 9 ina takriban 32. Kwa hiyo mtu akiona udogo wake akaimaliza peke yake kwa haraka, amekunywa zaidi ya chupa kubwa ya kawaida na hana habari. Na Old Rasputin si kali kupita zote. Stauti za imperiali kwa kawaida zinaanzia asilimia 8 na kufika 12, nyingine huvuka hapo. Ndiyo maana bia hii hugawanywa. Chupa moja kwa watu wanne inampa kila mmoja karibu mililita 90, na kwa kuonja hizo zinatosha kabisa.

Kabla ya kufika kwenye glasi niseme nimetokea wapi. Bibi yangu alikuwa mpishi wa pombe ya mtama, na sisi wajukuu ndio tuliokuwa tukigeuza kimea. Mtama unalowekwa, unafunikwa kwenye gunia bichi mpaka uchipue, kisha unaanikwa juu ya jabali. Sisi watu wa Mwanza mawe ndiyo majamvi yetu. Bibi alikuwa akiokota punje, anaitafuna, anatulia kidogo, halafu anasema kama imefika au bado. Kilichokuwa kinatokea ndani ya punje ile ndicho kinachotokea kwenye shayiri ya Ulaya: mbegu ikichipua inaanza kuigeuza wanga yake kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula cha hamira. Bia nyingi za nafaka duniani zinaanzia hapo. Kwa hiyo mpwa wangu alipoanza kunieleza habari za kimea nilimwambia akae chini, hilo somo nimelisoma kwa bibi.

Nilichokuwa sikijui ni habari ya kuchoma. Weusi wa stauti unatokana na sehemu ndogo tu ya nafaka, iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi kama buni iliyokolea. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma linalozungushwa juu ya moto, ambalo liliweza kukausha na kuchoma kimea mpaka kiwe cheusi bila kukigeuza majivu. Tangu hapo watengenezaji waliweza kutumia kimea cha rangi ya kawaida kwa wingi, chenye sukari nyingi, na kutia kile cheusi kidogo tu kwa ajili ya rangi na ladha. Lakini bia nyeusi nzito zilikuwapo kabla yake. Mwishoni mwa miaka ya 1700 kiwanda cha Henry Thrale kilichokuwa Southwark, London, ambacho mwaka 1781 kilichukuliwa na Barclay Perkins, kilikuwa kikipeleka stauti kali Urusi, hadi kwenye jumba la malkia Catherine wa Pili. Kilevi kingi na hopsi nyingi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, huisaidia bia kudumu, na safari ya meli kutoka London mpaka bandari za Baltiki ilihitaji bia ya namna hiyo.

Hapa kuna jambo ninalolisikia baa kila wiki na ambalo linaniudhi kweli: bia nyeusi ni kali, na bia nyeusi inaongeza damu. Yote mawili si kweli. Rangi ni habari ya kuchoma, kilevi ni habari ya sukari iliyoliwa na hamira. Guinness ile laini ya bombani inayouzwa Ireland ina asilimia 4.2 tu, chini ya lager nyingi za hapa Tanzania, na iko nyeusi vilevile. Duvel ya Ubelgiji ina rangi ya dhahabu na kilevi chake ni asilimia 8.5. Kuhusu damu, chuma kilichomo kwenye stauti ni kidogo mno, mchicha au maini ya ng'ombe ndiyo yenye msaada. Nimewahi kumwona mume akimnunulia mkewe mjamzito stauti kwa nia njema kabisa ya kumwongezea damu. Nilimrudishia hela yake, nikamweleza kwamba kilevi hakimfai mjamzito kwa rangi yoyote ile. Aliondoka amenuna. Ningefanya hivyohivyo leo.

Turudi kwenye kuonja. Tulichagua saa kumi jioni, kabla wateja hawajajaa, na nikahamisha meza. Mchana upepo wa hapa unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo tulikaa upande wa ziwani, jiko la nyama choma likabaki nyuma yetu na moshi wake ukaenda zake barabarani. Ukikaa upande wa moshi utaandika kwamba bia ina harufu ya mkaa, kumbe mkaa ni wa jirani. Hili nalisisitiza kwa sababu stauti ya imperiali yenyewe inaweza kuwa na harufu ya kitu kilichoungua, na lazima ujue kilichoungua kiko wapi.

Glasi nazo zinataka uangalifu wa pekee katika mji wa samaki. Mafuta yanaua povu. Mikono iliyotoka kumenya sato au kukaanga dagaa ikishika glasi, hata ukiisuuza kwa maji, inabaki na utando ambao macho hayauoni. Bia ikimiminwa humo povu linakufa kabla hujaweka chupa chini, na mtu anailaumu bia. Nikaziosha mwenyewe kwa sabuni, nikasuuza mpaka hakuna dalili ya sabuni, nikazigeuza zikauke bila kufutwa na kitambaa cha jikoni. Tulitumia glasi za mvinyo, zile zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, maana zinakusanya harufu. Kila glasi ilifunikwa kwa kisosi. Vile vidudu vya ziwani vinapoanza kuruka jioni havichagui, vinaingia popote penye unyevu, lakini kisosi kina faida ya pili: harufu inajikusanya chini yake, na ukikifunua unapata pumzi ya kwanza iliyo kamili. Mezani kulikuwa na mkate mkavu na maji yasiyo baridi. Kachumbari na pilipili nilikataza mpaka tumalize.

Tuliokuwa mezani ni mimi, mpwa wangu, rafiki yangu anayekaanga buni za Bukoba, na mzee mmoja baharia mstaafu wa meli za Mwanza na Bukoba ambaye siku zote anakunywa ya moto. Kijana alimwamkia, mzee akaitikia, kisha akauliza kwa nini anatiliwa bia ndani ya glasi ya wanawake. Tukamweleza. Akakubali.

Sikutaka mtu aone chupa. Nilimwomba mhudumu amimine jikoni bia za aina tatu: Guinness tunayouza, Castle Milk Stout, na Old Rasputin, bila kutuambia ipi ni ipi. Kazi hii ya kuficha chupa naiamini kuliko kitu kingine chochote katika kuonja. Nimekaa nyuma ya kaunta muda wa kutosha kujua kwamba lebo ya kigeni inapandisha maksi, na bei kubwa inapandisha zaidi. Mpwa wangu alitaka kuipa nyota tano kwenye simu hata kabla haijafunguliwa, kwenye ile programu ya Untappd ambayo watu wanatoa nyota hadi tano. Nikamwambia weka simu mfukoni, mwanangu, nyota zitakuja baada ya ulimi.

Tukaanza na zote zikiwa zimetoka friji, kwa makusudi. Friji ya baa iko kwenye nyuzi 3 au 4. Katika ubaridi huo glasi zote tatu zilikuwa karibu kufanana: nyeusi, chungu, gesi inachoma ulimi, basi. Rafiki yangu wa kahawa aliandika neno "mkaa" kwenye karatasi zote tatu. Sababu yake inaeleweka. Harufu ni chembechembe zinazopanda hewani, na kinywaji kikiwa baridi hazipandi kwa wingi. Ulimi nao ukipozwa unapoteza uhodari wa kusikia utamu, hivyo kinachobaki mbele ni uchungu na gesi. Mtu akionja stauti ya imperiali ikiwa hivyo akasema haina kitu, hajasema uongo. Ameonja sehemu ile tu ambayo baridi haikuificha.

Tukaziacha. Hali ya hewa ya Mwanza inasaidia hapa: karibu nusu saa kivulini, na bia inafika kati ya nyuzi 10 na 14, mahali ambapo bia ya aina hii inafunguka. Tulikuwa tunaonja kidogo kila baada ya muda, na glasi moja ikaanza kuziacha nyingine mbili. Ile iliyokuwa ya kwanza mkononi mwangu ilibaki kavu na safi, uchungu wake mfupi, ikaisha vizuri. Ya pili ikaonyesha utamu wa maziwa, na nikaijua mara moja kuwa ni Castle Milk Stout, kwa sababu ina laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, kwa hiyo inabaki chupani. Ya tatu ilikuwa inabadilika kila nilipofunua kisosi.

Kwanza ilikuja kahawa, na si kahawa ya maziwa ya hotelini, ile ya vikombe vidogo inayouzwa na kashata. Kisha chokoleti chungu. Baadaye kidogo, chini kabisa, nikakutana na ladha niliyoifahamu tangu utotoni lakini nikashindwa kuitaja, mpaka mzee alipoisema bila kuulizwa: "Mama, humu kuna matobolwa." Nikarudia kunusa. Kweli kabisa. Viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka sukari yao ikakolea na kuwa nzito, ndivyo harufu ile ilivyokuwa. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuandika majina ya matunda ya Ulaya aliyoyasoma kwa waonjaji wengine, na nilipomuuliza lini mara ya mwisho alikula tunda la kwanza kwenye orodha yake, alisema hajawahi kulila. Akafuta. Akaandika tende, sukari guru, na ukoko wa ugali uliobanduka chini ya sufuria. Karatasi yake ikawa ya kweli, na sisi wote mezani tukaielewa.

Namsihi yeyote anayeanza kuonja afanye hivyo. Maneno ya kuonja lazima yatoke kwenye vitu ulivyokwisha kuvitia mdomoni. Mwandishi wa bia Mwingereza Michael Jackson, aliyefariki mwaka 2007, ndiye aliyewafundisha wengi wa kizazi chake kuizungumzia bia kwa ladha zake, na alitumia ladha za kwao, kama ilivyompasa. Sisi tunazo zetu. Kanda hii ina kahawa ya Kagera, ina samaki wa kubanika, ina michembe ya viazi vitamu, ina asali ya Tabora, ina mtama uliochomwa. Mtu aliyelelewa na vitu hivi ana hazina ya kutosha kuielezea stauti yoyote.

Katika zile nyuzi 12 hivi kilevi kilikuwa kinapasha moto kifuani tu, hakichomi koo. Tukaiacha glasi moja iendelee kupata joto mpaka ifanane na hewa ya jioni, nyuzi 25 au zaidi, ili tumtendee haki mzee na kawaida yake. Hapo ilipoteza. Gesi ikaisha, kilevi kikatangulia mbele ya kila kitu, utamu ukawa mzito kupita kiasi. Mzee mwenyewe aliionja, akatikisa kichwa na kusema ile ya katikati ndiyo. Kwa hiyo kwa stauti nzito, ya baridi ya friji haifai, na ya moto ya kreti la Mwanza imepita kiasi. Mteja akiniagiza stauti siku hizi ninaitoa friji, namwambia asubiri kidogo, na wengi wamezoea.

Nilichunguza pia kasoro, kwa sababu bia iliyosafiri ina mengi ya kujeruhi ladha yake. Joto na hewa vikiipata bia vinaizeesha, na dalili yake mbaya ni ladha ya boksi lililolowa. Stauti za imperiali zinavumilia uzee kuliko lager, wengine huzitunza miaka kadhaa kwa makusudi, na uzee mzuri unaleta zabibu kavu na tende. Lakini boksi lililolowa ni boksi lililolowa. Mwanga nao ni adui: ukigonga chupa nyeupe au ya kijani unaibadilisha hopsi na kuleta uvundo, ndiyo maana chupa za kahawia zinaaminika. Bia ikitoka Dar es Salaam kwa basi inapita zaidi ya kilomita 1,100 ndani ya buti lenye joto. Hizi zetu kijana alizibeba zimefungwa kwenye nguo katikati ya sanduku, nami nikaziweka wima, gizani, siku kadhaa ili mashapo yatulie. Sikukuta boksi, sikukuta uchachu, sikukuta ile harufu ya siagi inayoonyesha hamira haikumaliza kazi yake.

Kwa maksi tulitumia karatasi ya BJCP, mpango wa Marekani wa kuwatahini na kuwasajili waamuzi wa bia ulioanza mwaka 1985. Jumla ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, na hisia ya jumla 10. Naupenda mgao huu kwa sababu unaunyima mwonekano nguvu. Weusi na povu zuri vinakupa maksi 3 tu, basi, kazi nyingine yote ni ya pua na ulimi. Unazuia pia ile tabia ya kutoa namba moja kubwa kwa furaha, maana kila sehemu inakudai sababu.

Old Rasputin niliipa 3 za mwonekano bila kusita: nyeusi isiyopitisha taa, povu la rangi ya kahawa ya maziwa lililokaa. Harufu 10. Ladha 17. Nilipunguza tatu kwa sababu uchungu wa hopsi na uchungu wa kuungua vilipokutana mwishoni vilifunika yale matobolwa mapema kuliko nilivyotaka. Uzito 4. Hisia ya jumla 8. Ikawa 42, ambayo kwa kipimo chao iko kwenye daraja la 38 hadi 44, bora sana, lakini si lile la juu kabisa linaloanzia 45. Rafiki yangu wa kahawa alitoa 44, akasema uchungu ule wa mwisho ndio anaoutafuta kwenye buni zake na haoni kwa nini uadhibiwe. Mpwa wangu alitoa 41, chini ya nyota tano zake za mwanzo, naye aliitetea kila tarakimu.

Mzee alitoa 36. Tulimuuliza sababu, akasema bia hii haiwezi kunywewa na samaki, na bia isiyokwenda na samaki haijakamilika. Nikaagiza sato wa kuchoma, tukajaribu mabaki ya glasi, na uchungu ulimfunika yule samaki mweupe moja kwa moja. Kisha nikaagiza mbavu za mbuzi zilizokauka vizuri pembeni, mafuta yakiwa yameungua kidogo, na hapo bia na nyama vikashikana. Mzee akala, akanywa tone lake la mwisho, akaomba kalamu, akaongeza mbili. Karatasi yake ina 38, na sahihi yake iko chini yake.